Kutafuta Mwekezaji Asiyefuata Faida Peke Yake: Mwongozo Kamili kwa Mwenye Biashara ya Kijamii

Ukimwendea mwekezaji wa matokeo ya kijamii ukiwa na hadithi ya huruma, atakusikiliza kwa adabu, kisha ataomba hesabu zako za miaka miwili iliyopita. Wengi hukwama hapo. Wamezoea mfadhili, ambaye hutoa fedha na kudai ripoti. Au wamezoea benki, ambayo hudai hati ya nyumba na kukaa kimya mradi marejesho yanaingia. Huyu wa tatu anataka vyote viwili: fedha yake irudi, na maisha ya watu fulani yabadilike kwa namna inayopimika.

Jina la uwekezaji wa namna hii kwa Kiingereza, impact investing, lilibuniwa 2007 kwenye mkutano ulioitishwa na Rockefeller Foundation, shirika la hisani la Marekani, huko Bellagio, Italia, na miaka miwili baadaye ukaanzishwa mtandao wa wawekezaji hao, GIIN. Jambo lenyewe kwetu ni la zamani. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunda chama chao 1925 ili wauze kwa pamoja, na 1933 kikawa ushirika wa KNCU. Pwani nako kuna wakf: nyumba au shamba lisilouzwa, ambalo mapato yake huendesha msikiti au madrasa kizazi baada ya kizazi. Kwa hiyo usitishwe na istilahi.

Ili tusizungumze hewani, tuchukue mfano mmoja twende nao hadi mwisho: kituo cha kukusanyia maziwa huko Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, chenye tanki moja la kupozea, kinachonunua kwa wafugaji wenye ng'ombe wawili watatu na kuuza kiwandani. Tarakimu za kituo hiki ni za kufundishia tu. Weka za kwako mahali pake.

Hatua ya 1: Jua uko kundi gani

Jiulize swali moja: nikiuza zaidi, shida ninayoishughulikia inapungua zaidi? Kituo chetu kikinunua lita nyingi zaidi, wafugaji wengi zaidi wanapata soko. Mauzo na manufaa vinakwenda njia moja. Hiyo ni biashara ya kijamii. Kama unauza vipodozi na kutoa sehemu ya faida kwa kituo cha yatima, una biashara ya kawaida yenye sadaka. Na kama walengwa wako hawawezi kulipa hata kidogo na hakuna wa kuwalipia, wewe ni asasi ya kiraia. Hakuna aibu hapo, ila usipoteze miezi ukimtafuta mwekezaji, mtafute mfadhili.

Angalia pia nani hasa analipa. Kiwanda cha A to Z cha Arusha kilianza kutengeneza vyandarua vyenye dawa ya kudumu mwanzoni mwa miaka ya 2000, kikisaidiwa na mkopo wa Acumen, mfuko wa Marekani wa uwekezaji wa kijamii, na teknolojia ya Sumitomo Chemical ya Japani. Aliyelala ndani ya chandarua alikuwa mama wa kijijini; mnunuzi mkubwa alikuwa mashirika ya kimataifa. Mpango wa namna hiyo unafanya kazi, lakini biashara inakuwa mikononi mwa bajeti za watu wa mbali, na mwekezaji makini atakuuliza bajeti hizo zikikatwa utafanya nini.

Wawekezaji nao hawafanani. Muhammad Yunus, mwanzilishi wa Grameen Bank ya Bangladesh, anashikilia kwamba katika biashara ya kijamii mwekezaji arudishiwe mtaji wake tu, bila gawio. Wengi utakaokutana nao Nairobi au Dar es Salaam hawako hivyo. Wapo wanaokubali faida ndogo kuliko ya soko, na wapo wanaotaka faida kamili ya soko huku wakiandika ripoti za matokeo. Ulizia hili kwenye kikao cha kwanza kabisa. Si utovu wa adabu.

Hatua ya 2: Andika mnyororo wa mabadiliko

Karatasi moja inatosha. Kwa kituo chetu: fedha inanunua tanki la pili, tanki linawezesha kupokea maziwa ya jioni, ambayo bila ubaridi yangechacha kabla ya asubuhi, mfugaji anauza lita zaidi, kipato cha kaya kinapanda, watoto wanakula vizuri na ada inalipwa.

Unapendeza ukiusoma haraka. Sasa pita kwenye kila kiungo na uulize ni wapi unaweza kukatika. Maziwa ya jioni kwenye kaya nyingi ndiyo ya nyumbani: ndiyo chai, ndiyo uji wa mtoto. Ukiyanunua yote, huenda kipato kikapanda na lishe ikashuka. Tena anayekamua na kukata majani mara nyingi ni mama, ilhali jina kwenye daftari la malipo ni la baba. Fedha ikipita kwenye simu ya baba, kiungo cha mwisho cha mnyororo wako ni matumaini tu. Mambo haya yaandike wewe mwenyewe kabla mwekezaji hajayagundua, pamoja na utakachofanya: labda kufungua malipo kwa majina mawili, labda kuweka kikomo cha lita za jioni kwa kila kaya.

Kisha lipo swali gumu kuliko yote: bila wewe ingekuwaje? Tuseme unamlipa mfugaji shilingi 1,000 kwa lita ya jioni. Kama kuna mchuuzi wa pikipiki aliyekuwa akiinunua kwa 900, mchango wako ni shilingi 100. Hizo 900 zilikuwepo. Waandishi wengi wa maombi huhesabu zote 1,000 kuwa ni manufaa waliyoleta, na mchambuzi mzoefu huligundua hilo mapema sana.

Hatua ya 3: Fanya hesabu ya lita moja

Kabla ya makadirio ya miaka mitano yenye rangi, jua unapata nini kwenye kipimo kimoja cha bidhaa yako: lita, kilo, mgonjwa, mwanafunzi. Kituo kinanunua lita kwa 1,000 na kuuza kwa 1,350 mlangoni mwa kiwanda. Katikati kuna umeme na dizeli ya jenereta, 60, usafiri, 110, mishahara, 70, maziwa yanayokataliwa au kuharibika, 30. Jumla 270. Kinachobaki ni shilingi 80 kwa lita.

Kwa lita 1,500 kwa siku na siku 360 kwa mwaka, ziada ni shilingi milioni 43.2. Unataka kukopa milioni 100 kwa tanki la pili, riba asilimia 12 kwa mwaka, miaka minne, mtaji ukilipwa kwa mafungu sawa. Mwaka wa kwanza utalipa milioni 25 za mtaji na milioni 12 za riba, yaani 37. Inaonekana inawezekana hata kama tanki jipya halijaanza kuzalisha.

Sasa leta kiangazi. Kwa miezi minne majani hakuna, na lita zinashuka hadi 1,000. Dizeli na usafiri vitapungua na lita, lakini mishahara haitapungua, hivyo kila lita isiyokuja inakukosesha 150: zile 80 za ziada na 70 za mishahara ambayo utalipa vilevile. Lita 500 kwa siku 120 ni milioni 9. Ziada inabaki milioni 34.2 na deni linadai 37. Biashara nzuri imeshindwa kulipa, na tatizo ni kalenda ya marejesho. Wakopeshaji wanaojua kilimo, kama Root Capital au Oikocredit, hupanga marejesho kwa kufuata msimu. Wengine itabidi uwaombe. Omba mwaka wa kwanza ulipe riba tu, na miezi ya kiangazi iwe na fungu dogo. Ukishaonyesha hesabu hii mezani, mazungumzo hubadilika, maana mwekezaji anaona unaijua biashara yako hadi kwenye mwezi mbaya.

Hatua ya 4: Chagua chombo cha kisheria

Tanzania na Kenya hazina usajili maalumu wa biashara ya kijamii, tofauti na Uingereza, ambayo tangu 2005 ina kampuni za manufaa ya jamii ambazo mali yake imefungwa kisheria isigawanywe kwa wenye hisa. Ni wazo lilelile la wakf kwa mavazi mengine. Huku kwetu utachagua kampuni ya hisa, ushirika, au asasi yenye kampuni chini yake.

Kampuni ya hisa ndiyo inayopokea mwekezaji kwa urahisi, na kufuli lake utalitia mwenyewe kwenye katiba ya kampuni: madhumuni, ukomo wa gawio, na idadi ya kura zinazohitajika kuyabadilisha. Ushirika unalinda wanachama vizuri zaidi lakini mtu wa nje hawezi kuununua, hivyo kwake fedha huingia kama mkopo. Njia ya katikati ni ushirika kumiliki hisa ndani ya kampuni, kama walivyofanya wafugaji wa Tanga ambao chama chao kikuu kiliingia ubia na Waholanzi katika kiwanda cha Tanga Fresh. Mtafute mwanasheria kwa hatua hii. Mengine yote unaweza kuyaanza peke yako.

Hatua ya 5: Linganisha fedha na umri wa biashara

Nikiambiwa nichague hatua moja ya kusisitiza, ni hii. Biashara za kijamii nyingi nilizoziona zikiyumba zilikuwa na wazo zuri na wateja wa kutosha, ila zilichukua aina ya fedha isiyolingana na umri wao.

Ruzuku ni ya kujaribu jambo ambalo hakuna ajuaye kama litawezekana. M-Pesa, iliyozinduliwa Kenya Machi 2007, ilipata karibu pauni milioni moja kutoka mfuko wa changamoto (wa ruzuku zinazoshindaniwa) wa serikali ya Uingereza, na kampuni ya simu ya Vodafone ikaweka mchango wake. Wakati ule hakuna benki ambayo ingekopesha wazo la kutuma fedha kwa ujumbe wa simu. Tumia ruzuku kwa majaribio, mafunzo na upimaji. Ukiitumia kushusha bei ili uuze, utajidanganya kuhusu hesabu ya lita moja, na siku ruzuku ikiisha wateja wataondoka nayo.

Mkopo ni wa jambo ambalo tayari linazunguka: tanki, gari, fedha za kununulia mazao ya msimu. Vikundi vidogo vina nafasi nyingine Tanzania, nayo ni asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. VICOBA na SACCOS pia zisidharauliwe. Mwekezaji wa nje akiona wanachama wenyewe wameweka akiba yao, anapata ushahidi ambao hakuna andiko linaloweza kuutoa.

Mkopo wa dola una mtego wake. Mwanzoni mwa 2023 dola moja Kenya ilikuwa takriban shilingi 123. Mwisho wa mwaka huo ilifika kama 156. Aliyekopa dola 100,000 alianza na deni la shilingi milioni 12.3 na kumaliza mwaka na deni la milioni 15.6 hata kabla ya riba, huku maziwa yake akiuza kwa shilingi zilezile. Mwaka 2024 shilingi ilirudi karibu na 129, lakini mwenye marejesho ya Desemba na Januari hakuweza kusubiri. Kama mapato yako ni ya shilingi, riba ya asilimia 14 kwa shilingi inaweza kuwa nafuu kuliko 8 kwa dola. Ipo taasisi ya TCX yenye makao yake Amsterdam, iliyoundwa 2007 kubeba hatari hiyo kwa niaba ya wakopeshaji. Muulize wako kama anaitumia.

Halafu kuna kodi ya zuio. Riba inayolipwa nje kutoka Tanzania hukatwa asilimia 10, na Kenya 15. Mikataba mingi ina kifungu kinachosema mkopeshaji apokee riba yake kamili, maana yake kodi unaibeba wewe: asilimia 8 ya Tanzania inakuwa karibu 8.9. Mkopo wa nje pia lazima usajiliwe Benki Kuu ya Tanzania kupitia benki yako na upewe namba ya kumbukumbu ya deni, la sivyo utapata shida kutuma marejesho.

Hisa ni za biashara inayotarajia kukua mara nyingi. Mwenye hisa hakudai kiangazi kikija, lakini anakuwa ndani ya nyumba: ana kura, ana kiti kwenye bodi, na siku moja atataka kuuza. Kituo kimoja cha maziwa si mahali pa hisa. Kampuni inayopanga vituo 40 na kiwanda chake, huenda ndiyo.

Kuna pia mpango wa kugawana mapato, ambapo unalipa asilimia fulani ya mauzo hadi mwekezaji apate, kwa mfano, mara moja na nusu ya alichoweka. Husifiwa sana kwa kuwa malipo hushuka mauzo yakishuka. Lakini utazame kwenye biashara ya maziwa: mauzo ya mwaka ni lita 540,000 kwa 1,350, yaani milioni 729. Asilimia 5 tu ya hizo ni milioni 36.5, ambayo ni karibu ziada yote. Mpango huo unafaa programu ya simu au shule yenye faida nene. Biashara ya kununua na kuuza yenye faida nyembamba utaikausha.

Mwisho kuna malipo kwa matokeo. Kati ya 2017 na 2020, Village Enterprise iliendesha mpango wa aina hii Kenya na Uganda, wenye thamani ya dola milioni 5.26. Wawekezaji walitoa fedha za kuanzia, kaya maskini zikasaidiwa kuanzisha biashara ndogo, na wafadhili wakalipa kulingana na tathmini huru ya matumizi na mali za kaya hizo. Ni njia safi kimantiki, ila gharama za kuipanga ni kubwa, kwa hiyo biashara changa iiache kwanza.

Hatua ya 6: Pima vichache, anza mapema

Wataalamu wamekubaliana kwa kiasi kikubwa juu ya maswali matano: nini kinabadilika, kwa nani, kwa kiasi gani, mchango wako ni upi, na kuna hatari gani kwamba haitatokea. GIIN ina orodha ya vipimo iitwayo IRIS+, inapatikana bure. Usichukue 30. Kituo chetu kinahitaji vitatu: lita zinazouzwa na kila kaya kwa mwezi, tofauti ya bei na ile ya mchuuzi, na nani anapokea malipo.

Viwili kati ya hivyo, lita na mpokeaji wa malipo, tayari viko kwenye daftari la mapokezi, ukilitunza vizuri. Kinachobaki, bei ya mchuuzi, kinahitaji simu chache kila robo mwaka, zipigwe na mtu asiyelipwa na kituo, kwa sababu mfugaji hawezi kumlalamikia anayemnunulia maziwa. Chukua takwimu za hali ya awali kabla tanki halijawashwa. Baada ya hapo hutazipata tena. Na uache tabia ya kuzidisha kila mteja kwa watu watano ili kupata "walionufaika". Kila mtu anaijua hila hiyo.

Hatua ya 7: Uchunguzi na mkataba

Tarajia miezi, si wiki. Utaombwa hesabu zilizokaguliwa, kodi zilizolipwa, leseni, mikataba ya wafanyakazi, orodha ya wenye hisa, vibali vya Bodi ya Maziwa. Weka nakala zote kwenye folda moja kabla hujaanza kutafuta. Nawe mchunguze: ongea na wafanyabiashara wawili aliowekeza kwao, mmoja aliyefanikiwa na mmoja aliyeanguka. Wa pili atakufundisha zaidi.

Waraka wa masharti ukija, tafuta kifungu kinachojibu swali hili: faida na dhamira zikigongana, nani anaamua? Kiwanda kikishusha bei kwa shilingi 60, bodi inaweza kumkata mfugaji hizo 60 siku hiyohiyo, au lazima ziada ya kituo ibebe kwanza? Kama hakuna kifungu, jibu litakuwa la mwenye kura nyingi. Compartamos ya Mexico ilianza 1990 kama asasi ya kukopesha wanawake maskini. Ilipouza hisa kwa umma 2007, wenye hisa walivuna mamilioni ya dola wakati wakopaji wakilipa riba iliyokaribia asilimia 100 kwa mwaka pamoja na kodi. SKS, kampuni ya mikopo midogo ya India, iliingia soko la hisa Agosti 2010, na Oktoba serikali ya jimbo la Andhra Pradesh ikapitisha sheria ya kubana kampuni za mikopo midogo baada ya taarifa za wakopaji kujiua. Marejesho ya jimbo zima yakaporomoka. Kila kampuni ilikuwa imeanza na dhamira ya kusaidia maskini. Kasi ya ukuaji ndiyo iliyobadilisha kinachopimwa kila Jumatatu asubuhi.

Angalia pia nani analipa wanasheria, maamuzi gani yanahitaji ridhaa ya mwekezaji, na kama unaweza kuondolewa kwenye kampuni uliyoianzisha.

Hatua ya 8: Panga kuondoka kwake siku anapoingia

Mifuko mingi ya hisa ina maisha ya karibu miaka kumi. Aliyekuja mfuko wake ukiwa na miaka minne ana sita za kukaa nawe, mitatu ya kwanza ya kujenga na mingine ya kutafuta mnunuzi. Masoko ya hisa ya Nairobi na Dar es Salaam hayapokei kampuni changa kwa wingi, hivyo hisa zitauzwa kwa kampuni kubwa, kwa mfuko mwingine, au kwenu wenyewe.

Andika kwamba wafugaji wana haki ya kupewa nafasi ya kwanza ya kununua, na kanuni ya kukokotoa bei iwe kwenye mkataba. Haki hiyo bila fedha ni karatasi tu, kwa hiyo anzeni kuzikusanya mapema: wafugaji wakikubaliana kukatwa shilingi 10 kwa kila lita kama mchango wa hisa, lita 540,000 kwa mwaka zinatoa milioni 5.4, na kwa miaka sita milioni 32.4, hata bila lita moja ya tanki jipya. Akaunti hiyo isishikwe na kituo. Ifunguliwe kwa jina la ushirika, na watia saini watoke miongoni mwa wafugaji.